Mgeni Njoo, Ngoma ya Mwenyeji Ipone

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii nimeisikia tangu utotoni mtaani Bulapesa, mjini Isiolo, na nimewafafanulia wanafunzi wangu mara nyingi bila kudhani kwamba siku moja ingenihusu mimi mwenyewe. Mgeni ninayemkusudia hapa si mtu. Ni bale, ile ngoma ya Wazungu ichezwayo kwa ncha za vidole vya miguu, ambayo wengi wetu huiona kwenye televisheni kwa nusu dakika kabla ya kubadilisha kituo. Nakiri mapema kwamba nilikwenda kuitazama nikiwa na hukumu tayari mfukoni. Nilirudi nikiwa nimeipoteza hukumu hiyo, na mahali pake nikabeba swali ambalo halijaniondoka hadi leo.

Aliyenishika mkono na kunipeleka ni mpwa wangu anayesoma Nairobi. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka, si miaka mingi iliyopita. Niliondoka Isiolo alfajiri kwa matatu, nikapanda mlima kupitia Timau na Nanyuki, na baada ya takriban kilomita 280 nikawa nimeketi katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho. Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka wa 1952, mwaka ule ule ambao serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini, na mwaka wa 2015 ulifunguliwa upya baada ya kukarabatiwa. Vijana wa Dance Centre Kenya walikuwa wakicheza The Nutcracker, bale iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini St Petersburg, Urusi, mwaka wa 1892, kwa muziki wa Tchaikovsky.

Kisa chenyewe ni chepesi. Msichana anapewa zawadi ya Krismasi, nayo ni mwanasesere wa kuvunjia kokwa. Usiku mwanasesere anapata uhai, anapigana na jeshi la panya, kisha msichana na mwenzake wanasafiri kupitia theluji hadi nchi ya peremende. Nilipokuwa nikisoma muhtasari huo kabla ya pazia kufunguliwa, nilijiuliza: theluji hii na panya hawa wa Urusi wana lipi la kumwambia mtu wa Isiolo, ambaye theluji pekee aijuayo ni ile iliyo kileleni mwa Mlima Kenya asubuhi kukiwa hakuna mawingu?

Pazia likafunguka. Sikuchukua muda kutambua kwamba kisa hakikuwa ndilo jambo kuu. Niliona watoto wadogo wakiingia jukwaani kwa mistari iliyonyooka, kila mmoja akijua mahali pake. Niliona wasichana wakisimama kwa ncha za vidole, nyuso zikiwa tulivu kana kwamba hawakuwa na maumivu yoyote, ilhali vishindo vidogo vya viatu vyao kwenye mbao vilitufikia sisi tuliokaa karibu na kutukumbusha kwamba miili ile ilikuwa na uzito kama yetu. Kisha kijana mmoja akaruka.

Msomaji mpendwa, mimi nimekulia miongoni mwa watu wanaojua kuruka. Nimewaona morani wa Kisamburu wakiruka hadi shanga za shingoni zikatengana na kifua. Nilidhani hakuna atakayenionyesha jipya kuhusu kuruka. Lakini kijana yule aliruka akivuka jukwaa, na kwa muda mfupi alionekana kama amesahau kushuka. Morani huruka wima na kurudi palepale, kana kwamba ardhi imemwita kwa jina naye akaitika. Mchezaji wa bale huruka akienda, kana kwamba ardhi ina deni lake naye analikimbia. Hata hivyo, wote wawili huficha juhudi. Morani hakunji uso, na mchezaji wa bale hali kadhalika. Nilipoliona hilo nilianza kuketi vizuri kitini.

Si kwamba kila kitu kilinipendeza. La hasha! Giza na ukimya wa ukumbi ule ulinielemea. Kwetu hakuna mtazamaji mtupu katika ngoma. Aliye nje ya duara hupiga makofi, huitikia, hupiga vigelegele, na mara nyingi huvutwa ndani. Kule nilikaa nimefunga mdomo kama mtu aliye katika chumba cha mtihani, nikisubiri ishara ya kupiga makofi. Pia, katika sehemu ya pili, kuna ngoma ya kahawa ambayo kwa desturi huitwa ya Kiarabu. Mtu aliyelelewa jirani na Waborana, wanaokaanga buni kwa samli na kuisomea dua, atatabasamu tu akiona jinsi watu wa Urusi wa karne ya 19 walivyoiwaza nchi ya kahawa. Walicheza walichokidhania, hawakucheza walichokiona.

Hukumu yangu kubwa, hata hivyo, ilikuwa kwamba bale ni ya wenyewe na sisi hatuna sehemu humo. Hiyo ndiyo iliyopotea. Waliokuwa jukwaani walikuwa watoto wa Kenya, wa rangi zote na wa mitaa mbalimbali. Tena sikuweza kumsahau Joel Kioko, kijana aliyekulia katika mtaa wa mabanda wa Kuwinda jijini Nairobi, akajifunza bale, kisha akapata ufadhili wa kusoma katika English National Ballet School jijini London. Wala yeye si wa pekee; huko Kibera watoto wamefundishwa bale kwa miaka mingi katika madarasa ambayo madawati husukumwa kando ili ipatikane nafasi ya kucheza. Nani atakayewaambia watoto hao kwamba miguu yao imekosea njia?

Isitoshe, bale yenyewe ni mkopaji wa siku nyingi. Neno hilo Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa walilitoa kwa Waitaliano, ambao katika lugha yao ballo ni dansi na balletto ni dansi ndogo. Ilizaliwa katika majumba ya wakuu wa Italia, ikahamia Ufaransa, ikapata makao Urusi. Sisi nasi tumewahi kukopa. Katika miaka ya 1890 watu wa pwani yetu, Lamu na Mombasa, walizitazama bendi za kijeshi za wageni, tarumbeta zao na gwaride lao, wakaunda ngoma ya beni. Jina ni la Kiingereza lililovishwa kanzu ya Kiswahili, lakini mashairi, mashindano na kejeli zilikuwa za wenyeji. Beni ilienea hadi bara, na hakuna leo anayedai kwamba Waswahili waliacha kuwa Waswahili kwa sababu ya tarumbeta.

Basi mpaka hapo nilikuwa nimefurahi tu, kama mtu aliyekula chakula kigeni kikamkubali tumboni. Swali lilikuja siku iliyofuata. Mpwa wangu alinipeleka kutazama darasa la watoto wanaoanza. Walikuwa kama ishirini, wameshika ubao mrefu uliokuwa ukutani. Mwalimu alitamka neno moja, plié, na magoti arobaini yakakunjwa kwa pamoja. Akatamka jingine, tendu, na miguu ishirini ikanyooka mbele. Watoto wale, kwa jinsi nilivyowasikia wakizungumza wakati wa mapumziko, walikuwa na lugha za nyumbani zisizopungua tano. Hakuna hata mmoja aliyekuwa Mfaransa. Lakini kila mwondoko ulikuwa na jina, na jina lilitosha.

Nami, kwa kuwa kazi yangu ni maneno, nilijawa na wivu. Maneno yale si ya ajabu hata kidogo. Plié maana yake ni iliyokunjwa. Mama wa Kifaransa angeweza kulitumia kwa shuka. Tendu ni iliyonyooshwa. Jeté, ule mruko ulionishangaza ukumbini, ni iliyotupwa. Ni maneno ya jikoni na ya uani yaliyopewa kazi maalumu na kushikiliwa kwa karne kadhaa. Mwaka wa 1661 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliunda chuo cha dansi. Mwalimu wake wa dansi, Pierre Beauchamp, ndiye anayetajwa kuwa aliyeratibu mikao mitano ya miguu ambayo watoto wale wa Nairobi walikuwa wakijifunza. Mwaka wa 1700 Mfaransa mwingine, Feuillet, alichapisha kitabu cha namna ya kuandika hatua za dansi kwa alama. Ndiyo maana bale imeweza kuvuka bahari. Pamoja na kusafirishwa na wafalme, ilisafirishwa na msamiati wake.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa Isiolo tena, katika muhula wa pili, wakati shule zinapojiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, tamasha lililoanza mwaka wa 1927. Mwalimu mmoja wa shule ya upili, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu chuoni, aliniomba nije kutazama mazoezi. Wanafunzi wake walikuwa wakitayarisha edonga, ngoma ya Waturkana. Ilikuwa jioni, jua limelegea, vumbi jekundu likipanda hadi magotini. Kikundi kilikuwa na watoto wa Kiturkana, wa Kiborana, wa Kimeru, wa Kisomali na wa Kisamburu, kama Isiolo yenyewe ilivyo. Waliimba vizuri na waliruka vizuri.

Lakini sikilizeni jinsi walivyofundishwa. “Sasa ile ya kwanza!” mwalimu alipaza sauti. “Haya, ile ya pili! La, si hiyo, ile ya kuruka kidogo! Ile ya jana!” Nusu ya kikundi wakafanya hivi, nusu wakafanya vile. Wakaanza upya. Mwalimu hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa na bidii kuliko wengi niwajuao. Alichokosa ni majina. Nikakumbuka magoti arobaini yaliyokunjwa kwa neno moja, nikaona aibu, maana niliketi pale na shahada yangu ya uzamifu nisiweze kumpa hata jina moja.

Pembeni aliketi ajuza mmoja wa Kiturkana aliyekuja kuwasaidia wasichana kufunga shanga. Alikuwa akitazama kimya kwa muda mrefu. Mwalimu alipotamka “ile ya pili” kwa mara ya nne, alicheka.

“Mwalimu, hiyo si ya pili,” akasema. “Hiyo iko na jina.”

Akalitaja. Akataja na la hatua iliyotangulia, na la ile inayofuata wakati wasichana wanapoingia. Nilimwuliza kama alikuwa na mengine. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama kisima kina maji. “Mwanangu, yako mengi. Hakuna mtu ameniuliza.”

Mmoja wa wavulana waliokuwa wakicheza alikuwa Mturkana, aliyezaliwa na kukulia mjini. Nilimwuliza kama aliyajua maneno yale. Akainamisha kichwa, akasema hapana. Nyumbani huzungumza Kiswahili. Msichana wa Kiborana aliyekuwa kando yake akamwambia nyanya ayarudie polepole, akatoa kalamu, akayaandika kiganjani. Mimi nami niliyaandika katika daftari. Sitayachapa hapa, kwa kuwa ni mali ya aliyenipa na sijamrudia kumsomea nilivyoyaandika ili anisahihishe. Jambo la kuandikwa ni hili: walipoanza upya, mwalimu alitamka jina, na kikundi kizima kikageuka upande mmoja. Yule ajuza akapiga makofi. Alikuwa sasa ameingia ngomani, hata ingawa hakuinuka.

Hapa ndipo ninapotaka walimu wenzangu na wanafunzi tufikiri pamoja. Kiswahili kimejaliwa neno pana sana: ngoma. Ni chombo kipigwacho, ni wimbo, ni uchezaji, ni mkusanyiko wa watu. Asili yake ni ya kale katika lugha za Kibantu, na huko ilikuwa ni chombo kile cha kupigwa. Tazama basi ajabu ya Isiolo: Wasamburu na Waturkana hucheza kwa sauti, makofi na vishindo vya miguu, pasipo chombo hicho, nasi bado twasema wanacheza ngoma. Upana huu ni utajiri, maana haumtengi mwimbaji na mchezaji wala mchezaji na mtazamaji. Lakini upana huohuo huweza kutulemaza. Tukishasema “ngoma ya Waturkana” twadhani tumemaliza, ilhali tumetaja nyumba bila kutaja chumba hata kimoja.

Vitenzi navyo tunavyo. Twasema kudemka, kuserebuka, kunengua, kusakata. Lakini vingi vya hivyo vilizaliwa kwenye pwani na kwenye kumbi za dansi, na vinajua zaidi habari za kiuno na miguu. Tukija kwenye shingo ya msichana wa Kisamburu inayorusha shanga mbele kwa mpigo mmoja, au kwenye bega la morani, twabaki na “kutikisa” na “kuruka” tu. Majina ya miondoko hiyo yamo katika lugha za wenyewe. Kiswahili, ambacho ndicho kinachowaunganisha watoto wa shule ya Isiolo, kinaweza kuyapokea kama kilivyoipokea beni.

Najua pingamizi itakayotolewa. Mtu atasema kwamba ngoma ikiandikwa hufa. Kwamba itakuwa kama mnyama aliyekaushwa na kuwekwa katika jumba la makumbusho. Kwamba uhai wake umo katika kubadilikabadilika. Pingamizi hii ina uzito, nami siipuuzi. Lakini itazameni bale yenyewe. Dada Masilo wa Afrika Kusini, aliyefariki Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 39, alijifunza bale barabara, kisha mwaka wa 2010 akaitunga upya Swan Lake. Wachezaji wake walicheza pekupeku, wanaume wakivaa vile visketi vya mabata maji pamoja na wanawake, na hatua za Kiafrika zikachanganywa na za Ulaya hadi ukashindwa kuzitenganisha. Aliweza kuvunja kanuni kwa sababu alizijua kwa majina. Hapa kwetu, Opiyo Okach alikuwa miongoni mwa walioanzisha kundi la Gàara katika miaka ya 1990, akaifungulia dansi ya kisasa ya Kenya njia ambayo haikuwa ya kuigiza Ulaya wala ya kuwafurahisha watalii. Kijana wa Isiolo anayetaka kesho kutunga dansi yake mwenyewe atavunja nini, ikiwa hajui alichonacho?

Wala si kweli kwamba kutoandika kumeihifadhi ngoma. Mwaka wa 2014 shirika la UNESCO liliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho, huko magharibi mwa Kenya, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Ikiwa isukuti, ngoma inayosikika katika arusi na mazishi na hata viwanja vya mpira, imefikia hapo, je, zile zinazochezwa tu wakati wa tamasha la shule?

Sheria tunayo. Mwaka wa 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na ikazipa serikali za kaunti wajibu katika kuyasajili. Mtaala wa umilisi nao umeweka mkondo mzima wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu. Lakini sheria haiwezi kusajili jina ambalo hakuna aliyeliuliza, na mtaala hauwezi kufundisha hatua iitwayo “ile ya jana”.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Mnapotayarisha ngoma ya tamasha, msimwite mzee aje tu kufunga shanga au kusahihisha mavazi. Mpeni kiti, mwulizeni jina la kila hatua, mwacheni mwanafunzi aandike, kisha msomeeni alichoandika ili asahihishe. Andikeni pia ni nani aliyesema, na ngoma huchezwa lini na kwa nini, maana jina bila tukio lake ni kama funguo bila mlango. Kwa wanafunzi nasema: yule msichana aliyeandika kiganjani alifanya kazi ambayo sisi wenye vyeo vya chuo kikuu tulipaswa kuwa tumeifanya miaka mingi iliyopita. Tofauti ni kwamba jasho hufuta kiganja. Tumieni daftari.

Mimi nina deni la kurudi. Yule nyanya aliniambia, nilipokuwa nikiaga, kwamba yale matatu yalikuwa ya mwanzo wa ngoma tu, na kwamba nikija tena nisije jioni, kwa kuwa jioni macho yake hayaoni vizuri miguu ya watoto. Nimepanga kwenda likizo ijayo, asubuhi, pamoja na mpwa wangu.